Gari ya rimoti inavuta upande, trimu imefika mwisho: tupange usukani kwa utaratibu

MtuWaTegeta

Wakuu habari za Jumapili.

Huu uzi nauandika baada ya kuunguza sevo moja (kile kimota kidogo kinachogeuza matairi ya mbele) na ya pili kupona chupuchupu, na wiki hii watu wawili wameniuliza swali lile lile, gari ya rimoti inavuta upande mmoja nafanyaje, nikaona bora niweke yote sehemu moja tusaidiane.

Gari yangu ni Traxxas Slash ya 1/10 (moja ya kumi ya gari halisi), ile ya kusukuma nyuma, nimeichukua mtumba haina rimoti yake nikaifungia rimoti ya FlySky GT3B na risiva yake, kile kisanduku ndani ya gari kinachopokea amri za rimoti. Siku ya kwanza uwanjani ikawa inavuta kulia. Nikafanya kile ambacho karibu kila mtu anafanya, nikabonyeza trimu (kitufe cha rimoti cha kusogeza katikati ya usukani) kushoto, ikakaa afadhali, nikabonyeza tena, na tena, mpaka trimu ikaisha. Ikawa inanyooka lakini sasa ukikata kushoto inageuka palepale kama bajaji, ukikata kulia inataka uwanja mzima. Alafu kila nikikata kushoto sevo inalia nnnnnn kama mbu sikioni. Sikujali. Siku ya tatu ikatoa harufu ya plastiki kuungua na matairi ya mbele yakabaki yamelala upande mmoja. Nilivyoifungua nyumbani nikakuta kibao cha ndani kimebabuka.

Nilikosea wapi? Nilitaka trimu ifanye kazi ya bisibisi.

Rimoti haijui matairi yako yameangalia wapi, hicho ndo kitu cha kwanza kukielewa. Ukizungusha kile kigurudumu cha rimoti yenyewe inatuma namba tu, risiva inaigeuza kuwa palsi (mdundo mfupi wa umeme) kwenda kwenye sevo, kwa kawaida mara 50 kila sekunde. Palsi ya mikrosekunde 1500 maana yake kaa katikati, 1000 nenda mwisho wa upande mmoja, 2000 mwisho wa upande mwingine. Sevo inatii hivyohivyo. Sasa kama mkono wa sevo ulipachikwa umepinda, katikati ya sevo sio katikati ya matairi, na ukilazimisha kwa trimu unakuwa umeihamisha njia nzima ya sevo upande mmoja. Huku inazidi, kule inapungua. Ndo maana ya ule ubajaji wa kushoto.

Kwaiyo utaratibu ninaoufata saivi ni huu. Pandisha gari juu ya kitu, mi natumia kopo la rangi, matairi yasiguse chini, na chomoa waya za mota kabisa maana ukigusa triga ya mwendo kwa bahati mbaya inaruka. Washa rimoti kwanza ndo uwashe gari, na kuzima ni kinyume chake, gari kwanza. Rudisha trimu sifuri, sabtrimu (trimu ya ndani ya menyu) sifuri kama unayo, ekspo (ya kulainisha usukani) sifuri, D/R (ya kupunguza kona pande zote) 100. EPA, yaani kikomo cha usukani kwa kila upande, usiiache 100, ishushe hata 60 pande zote mbili, sababu utaiona mbele. Geuza kigurudumu kushoto uone matairi yanaenda kushoto, kama yanaenda kulia badili REV (ya kugeuza upande) sasahivi kabla ya kitu kingine chochote, ukija kubadili REV baadae EPA zako za kushoto na kulia zinaweza kukaa upande usio wake na kazi yote unairudia.

Alafu fungua ile skrubu ya katikati ya mkono wa sevo, uchomoe mkono, acha sevo ikiwa imewashwa ijiweke katikati yenyewe. Rudisha mkono ukae pembe mraba na rodi inayotoka kwake. Hapa ndo penye siri. Shafti ya sevo ina meno, nyingi zina 25, na 360 gawa kwa 25 ni digrii 14.4. Maana yake ukiruka jino moja umeruka digrii 14 na kitu, na ukichagua jino zuri kuliko yote bado unaweza kuwa umepinda mpaka digrii 7. Hizo ndo kazi ya sabtrimu, kumalizia ule upungufu wa nusu jino. Zaidi ya hapo rudi kwenye meno.

Ukimaliza angalia tairodi mbili za mbele, zile rodi zinazosukuma matairi, zipime kwa venia au hata rula, zilingane urefu. Yangu ya kulia ilikuwa fupi kwa milimita 3 na hiyo pekee ilitosha kuvuta gari. Kama rodi zako zina nyuzi za kulia upande mmoja na za kushoto upande wa pili, huna haja ya kuchomoa, shika katikati kwa spana zungusha, inarefuka au inafupika hukohuko ilipo.

EPA ndo ya mwisho. Kata kushoto mpaka mwisho, shikilia, alafu panda taratibu kutoka 60, 65, 70, huku jicho liko kwenye tairi. Tairi ikigota kwenye stopa au sevo ikianza kulia, rudi nyuma namba 3 au 4. Upande wa kulia hivyohivyo. Usishangae namba zikitofautiana, yangu imekaa kushoto 84 kulia 91 na matairi yanafika sawasawa. Ungeanza 100 sevo ingekuwa inasukuma ukuta tangu dakika ya kwanza, na sevo ikisukuma ukuta inakula umeme wake wa juu kabisa bila kupumzika. Yangu ilikufa hivyo.

Trimu ya rimoti baada ya hapo iko sifuri na iwe ya kurekebisha kidogo ukiwa uwanjani.

Karibuni kwa maswali na mnaojua zaidi mrekebishe.

kijana_wa_posta

Mkuu umenisaidia sana ila swali, mi rimoti yangu ni ile ya kawaida iliyokuja na gari, haina kioo haina menyu, ina vifundo viwili tu juu vya usukani kimoja kimeandikwa ST TRIM kingine ST D/R. EPA sina. Nafanyaje? Na inavuta kushoto.

MtuWaTegeta

Mkuu kijana, kwako wewe kazi ya bisibisi inakuwa muhimu mara mbili maana huna menyu ya kukuokoa. Weka ST TRIM katikati kabisa, kile kifundo kina alama, D/R kipunguze nusu, alafu fata ule utaratibu wa mkono wa sevo na tairodi. Ukishaona matairi yamenyooka, panda D/R pole pole ukikata upande mmoja, alafu mwingine. Upande utakaogota mapema ndo unakupangia kiwango cha pande zote mbili. Utapoteza kidogo kwenye ule upande mwingine lakini sevo inapona.

Kabla ya yote fanya hivi. Zima gari matairi ya mbele yakiwa yamenyooka, iweke kwenye sakafu ya vigae, matairi ya kushoto yote mawili yafate ule mstari wa kiungio, isukume kwa mkono iachie itembee yenyewe mita mbili. Ikiwa imezimwa na bado inaacha mstari, shida ni chuma na plastiki, rimoti haihusiki hata kidogo. Angalia beringi iliyokwama, tairi moja iliyobandikwa vibaya kwenye rimu, mkono wa chini wa sasipensheni uliopinda. Kama inanyooka ikisukumwa lakini ukivuta triga ndo inavuta upande, hapo angalia nyuma, tairi moja inashika kuliko nyingine, au betri imekaa upande na gari imelala. Watu wanaweka trimu kwenye tatizo la difu (gia zinazogawa nguvu kwa matairi ya nyuma) na kesho yake kwenye uwanja mwingine inavuta upande wa pili.

Nuru_K

Naomba kueleweshwa tofauti ya EPA na D/R maana zote naona zinapunguza kona. Nimekuwa nikichanganya na kuna mtu aliniambia ni kitu kimoja.

MtuWaTegeta

Dada Nuru swali zuri na sio kitu kimoja. EPA ni ya gari. Inasema chuma hiki kisivuke hapa, na inasema kwa kila upande peke yake. Unaipanga siku moja ukiwa mezani na unaisahau mpaka ubadili sevo au ugongwe. D/R ni ya dereva na uwanja, inapunguza pande zote mbili kwa mpigo, na kwenye rimoti nyingi imewekwa karibu na kidole gumba ili ubadilishe gari ikiwa inatembea. Kwenye lami yenye mshiko mi nashusha mpaka 65 au 70, maana ukikata yote kwa kasi gari inapiga mweleka, haina hata muda wa kuteleza. Kwenye nyasi au mchanga narudi 100.

Zinazidishana. EPA 90 na D/R 70 maana yake unapata 63. Kwaiyo ukipanga EPA hakikisha D/R iko 100, la sivyo utapanda EPA mpaka juu ukidhani salama, siku umegusa kifundo cha D/R kwa bahati mbaya sevo inaenda kugonga ukuta.

baharia_mba

Salamu kutoka Mombasa. Uzi mzuri sana, naongeza mambo mawili.

La kwanza, umesema sevo ikianza kulia ndo dalili ya kugota. Si kila gari. Nyingi zina ile springi ya kulinda sevo, kwa nyingine iko kwenye mkono wenyewe wa sevo na kwa nyingine iko kwenye kipande cha katikati kinachogawa tairodi mbili. Kazi yake ni kwamba tairi ikigonga jiwe, springi inajikunja badala ya meno ya sevo kukatika. Sasa ukipanga EPA hiyo springi inakudanganya. Tairi imeshagota lakini sevo inaendelea kuzunguka inakunja springi, kimya kabisa, hailii. Kwaiyo usitegemee sikio, angalia mkono wa sevo na tairi kwa pamoja. Mkono ukiendelea kusogea na tairi imesimama, umeshapita, rudi.

La pili ni ekspo, hujaigusa. Ekspo haipunguzi kona ya mwisho kama D/R, inalainisha hapa katikati tu. Ukikata kidogo matairi yanajibu kidogo kuliko ulivyokata, ukikata yote unapata yote. Kwa hesabu inayotumika sana, ekspo ya 50 ukifika nusu ya kigurudumu unapata kama asilimia 31 ya kona badala ya 50. Inasaidia sana gari ya kasi kwenye barabara ndefu iliyonyooka, ile ya kuyumbayumba kama mlevi inaisha.

kijana_wa_posta

@baharia_mba hiyo ekspo unaweka namba ya kujumlisha au ya kutoa? Rafiki yangu aliweka gari ikawa na hasira mara mbili, ukigusa tu inaruka pembeni.

baharia_mba

Hapo ndo watu wanaumia. Makampuni hayakukubaliana. Kwa Futaba kutoa ndo kulainisha, kwa Spektrum kujumlisha ndo kulainisha. Rafiki yako aliweka alama ya kinyume na rimoti yake. Wala usikariri, jaribu kwa macho. Gari juu ya kopo kama alivyosema mkuu, weka ekspo kubwa ya makusudi, 80 hivi, alafu zungusha kigurudumu robo. Matairi yakisogea kidogo sana ndo upande wa kulainisha, yakiruka karibu nusu ya njia umekosea alama. Ukishajua ishushe, mi natembea kati ya 15 na 30.

Na wenye Traxxas yenye rimoti ya TQi, kile kifundo cha kazi nyingi kwenye rimoti kikitoka kiwandani kimepangwa kwenye ekspo ya usukani, sio D/R. Watu wanakizungusha wakitegemea kona ipungue wanaona haipungui wanasema rimoti mbovu. Kinaweza kubadilishwa kifanye kazi ya D/R ukitaka.

MtuWaTegeta

Asante sana kaka baharia, hilo la springi sikulijua, na nimeenda kuangalia gari yangu saa hii hii. Kushoto 84 tairi iko sawa. Kulia 91 mkono wa sevo unaendelea kusogea kidogo baada ya tairi kusimama. Nimeshusha 88. Kumbe nilikuwa nakunja springi kila kona ya kulia.

Nuru_K

Mimi yangu ina tabia nyingine. Nikikata kushoto nikaachia, gari inarudi inaenda kushoto kidogo. Nikikata kulia nikaachia, inaenda kulia kidogo. Trimu nimezungusha wiki nzima, leo iko sawa kesho haiko sawa. Nimeanza kukata tamaa na hii gari na mwanangu kila siku ananiuliza lini tutatoka nayo.

baharia_mba

Pole dada, usikate tamaa, hiyo ni rahisi na wala haiponi kwa trimu. Gari yako haina katikati moja, ina katikati mbili kutegemea umetoka upande gani. Zima gari, shika matairi mawili ya mbele kwa vidole, yatikise kushoto kulia taratibu. Ukisikia uchezaji kabla sevo haijaanza kukataa, fata huo uchezaji kwa jicho kuanzia tairi kwenda kwenye sevo, kiungo kimoja kimoja. Inaweza kuwa bolijointi ya plastiki imepanuka, skrubu ya mkono wa sevo imelegea, au ile springi imechoka hairudi. Kama kila kitu kimekaza na bado inafanya hivyo, chomoa rodi kutoka kwenye sevo, tikisa matairi peke yake. Yanatakiwa yaanguke yenyewe kushoto kulia ukiinamisha gari. Yakiwa magumu kuna mchanga au kuna skrubu imekazwa kupita kiasi, sevo inafika karibu na katikati inachoka inaachia hapo.

MtuWaTegeta

Nakazia hapo pa mchanga. Yangu nilikuta mchanga mlaini wa ufukweni umejaa kwenye vile vibushi viwili vya kipande cha katikati, nilivyosafisha kwa mswaki wa zamani na nikaacha pakavu bila mafuta, usukani ukawa mwepesi kama mpya. Msipake grisi hapo, inakamata mchanga mwingine.

fundi_redio

Naongeza upande wa umeme maana naona wengi mnabadili sevo mnaweka za nguvu ya kilo 20 na 25. Sevo kama hiyo ikigota inaweza kuvuta ampea 3 na kuzidi. Umeme wake unatoka kwenye kile kisehemu cha ESC (kifaa cha kudhibiti mwendo wa mota) kinacholisha risiva, na za bei ya chini nyingi hazifiki huko. Voltaji inadondoka, risiva inazimika nusu sekunde inawaka tena, wewe unaona gari imegoma kusikia usukani ukikata kona kali, unasema rimoti haina masafa. Kabla ya kununua rimoti nyingine punguza EPA uone. Ikiacha tabia hiyo ujue ni umeme. Na angalieni volti ya sevo, kuna za 6 na kuna za 7.4, ukiilisha ya 6 umeme mkubwa inafanya kazi kwa furaha siku mbili tatu tu.

kijana_wa_posta

Na wenye risiva zenye jairo, ile inayohisi gari ikizunguka na kurekebisha usukani yenyewe? Nimeona kuna ya FlySky inaitwa BS6 inayo ndani.

fundi_redio

Inasaidia sana kwenye mchanga na kwa wanaodrift, lakini ipange mwisho kabisa baada ya haya yote, na ukiwa unapanga trimu na EPA jairo iwe sifuri, la sivyo matairi yanasogea yenyewe unashindwa kujua lipi ni lipi. Kuhakiki alama yake, gari imewashwa, shika mkia uusukume kulia kwa haraka. Matairi ya mbele yanatakiwa yakimbilie kulia, yaufate mkia. Yakikimbilia kushoto geuza alama ya jairo kabla hujaiweka chini, maana ukivuta triga itajizungusha kama pia.

Nuru_K

Nimerudi. Ilikuwa skrubu ya mkono wa sevo, ile ya katikati, imelegea zaidi ya nusu mzunguko, na bolijointi moja ya kushoto imepanuka. Skrubu nimekaza, bolijointi nimebadili kwa iliyokuwa kwenye mfuko wa akiba. Nikapanga upya kuanzia mwanzo, trimu sifuri, EPA kushoto 80 kulia 79. Jioni tumeenda naye kwenye uwanja wa shule, ameendesha mstari wa goli mpaka goli mara nne bila kugusa usukani. Swali langu moja limebaki, betri ikikaribia kuisha nahisi usukani unakuwa mzito kidogo, hiyo ni kawaida?

fundi_redio

Kama ESC inashusha umeme vizuri hutakiwi kuhisi chochote mpaka betri inakata. Ukihisi, pima waya mwekundu na mweusi wa risiva wakati unakata kona, betri ikiwa imejaa na ikiwa inaisha. Zikitofautiana zaidi ya nusu volti niletee namba hapa tuone.